Ujiji Nje ya Kivuli cha Mwembe

Sisi wa Simbo, upande wa bara, hatuendi Ujiji, tunashuka Ujiji. Husema hivyo kijana aliyefunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli, na husema hivyo mama aliyejitwisha dumu la mawese. Ziwa Tanganyika liko chini, na upande huu wetu kila kitu hulifuata: maji ya mto Luiche, mizigo, maharusi, habari. Nilianza kuishuka njia hiyo nikiwa mtoto wa kukalishwa kwenye keria, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga isiingie kwenye spoku, na kwa miaka mingi Ujiji kwangu ilikuwa soko na harufu ya samaki basi. Sikujua kwamba babu aliyeiendesha ile baiskeli alikuwa akinipitisha mwisho wa njia ya kilomita 1,200 hivi, njia iliyoanzia Bagamoyo na kukanyagwa na wapagazi wasiohesabika.

Misafara iliingia mjini kwa upande wetu wa bara. Ilipita Uvinza penye chumvi, ikavuka bonde la Luiche, ikapanda kilima cha mwisho ambapo ziwa huonekana ghafla, na hapo bunduki zilipigwa hewani ili mji ujue kuwa wageni wako njiani. Siku hizi wageni huja kwa upande mwingine. Teksi huwachukua Kigoma mjini, kilomita chache tu, na kuwashusha kwenye makumbusho ya Livingstone. Huko wanaliona jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika na msalaba, wanaziona sanamu za Livingstone na Stanley wakivuliana kofia, wanapiga picha chini ya mwembe, wanaondoka. Mwembe wenyewe si ule waliokutania chini yake mwaka 1871. Ule ulikauka zamani, na iliyopo leo ni miche iliyotokana nao. Sina ugomvi na mwembe. Kinachoniuma ni kuona mji mzima, na soko lake, na mitaa yake, na vilio vyake, umefunikwa na kivuli cha mti mmoja na salamu ya wazungu wawili.

Ujiji lilikuwa jina la nchi kabla ya kuwa jina la mji. Wajiji ni watu wa jamii ya Waha, wakulima na wavuvi wa ufukweni, na ardhi yao ilikuwa na wasimamizi walioitwa wateko, ambao mgeni hakujenga wala hakulima bila ya kuonana nao. Nyuma yao, milimani, walikuwepo watawala wa Buha na ng'ombe wao. Mashariki ilikuwepo chumvi ya Uvinza, ambayo wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba ilikuwa ikichemshwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Magharibi, ng'ambo ya ziwa, ilikuwepo misitu yenye magogo makubwa ya kuchonga mitumbwi. Chumvi huku, mitumbwi kule, samaki na mawese katikati: watu wa namna hiyo hawangoji kufundishwa biashara na mtu wa pwani. Walipofika Waarabu na Waswahili wa kwanza, katika miaka ya 1830 na 1840, walilikuta soko limekwisha kukaa.

Wasafiri wa kizungu Richard Burton na John Speke waliwasili Februari 1858, baada ya miezi inayokaribia minane ya safari. Burton alikuwa hawezi kutembea sawasawa kwa maradhi, Speke alikuwa haoni vizuri. Walikuwa wamesikia habari za Ujiji tangu Unguja, na Burton alitazamia mji mkubwa wa bandari. Akakuta vibanda vya nyasi vilivyotawanyika mahali palipoitwa Kawele, akasikitika. Lakini macho yake hayakukosa kila kitu. Aliandika juu ya mchikichi na mafuta yake, aliandika jina la dagaa kama tunavyolitamka leo, na alizitazama shingo za watu, ambako palining'inia mapambo ya meno ya kiboko yaliyochongwa mfano wa mwezi mchanga na kung'arishwa yakawa meupe kama maziwa. Hiyo ilikuwa sanaa ya hapa. Haikuwekwa ukutani, ilivaliwa mwilini, ikaenda nayo sokoni.

Na soko la Ujiji lilikuwa na kitu ambacho hunifurahisha kila nikikifikiria. Lilikuwa na fedha yake. Shanga ziitwazo sofi, fupi na nene, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika, ndizo zilizonunua samaki, muhogo, ndizi na pombe. Verney Lovett Cameron, msafiri mwingine aliyefika mwaka 1874, alieleza jinsi zilivyozunguka. Asubuhi, soko lilipofunguka, watu wenye mifuko ya sofi walikaa tayari kuwabadilishia wanunuzi waliokuja na nguo au bidhaa nyingine. Soko lilipofungwa, wachuuzi waliwarudishia sofi zao na kuchukua kitu kingine, na wenye mifuko walipata faida mara mbili, wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Kila ninapomwona kijana wa huduma za fedha kwa simu amekaa chini ya mwavuli wake pale sokoni, namwona mwenye mfuko wa sofi.

Kufikia miaka ya 1870 mji ulikuwa na sehemu mbili. Ugoy ilikuwa ya Waarabu, yenye nyumba za tembe na kiwanja cha soko kilichotazama ziwa. Kawele ilikuwa ya waungwana, watumwa na wenyeji. Mkubwa wa biashara alikuwa Mwinyi Heri, mtu wa Mrima aliyeijua Ujiji kuliko mpwani mwingine yeyote na aliyekuwa na majahazi yake ziwani. Waarabu wa Omani walikuwepo na walikuwa na mali, lakini sauti ya mji ilikuwa ya Mswahili. Desturi za pwani zilikuja vichwani mwa watu pamoja na majora ya merikani: kanzu, kofia, wali wa nazi ukageuka wali wa mawese, embe zikapandwa, na nyumba zikajengewa baraza.

Hilo neno baraza ndilo linalonirudisha kwenye siku ile ya Novemba 1871 ambayo kila mtu anadhani anaijua. Stanley aliiandika kuwa tarehe 10. Habari za kukutana kwake na Livingstone zimesimuliwa mpaka zimechakaa, ila kilichofuata baadaye ndicho kilichoniingia moyoni nilipokisoma. Livingstone alimchukua mgeni wake akamketisha barazani, baraza la udongo chini ya upenu mpana, juu ya mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi. Ngozi nyingine ilikuwa imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Tangu zamani mzee wa Ujiji humketisha mgeni namna hiyo, na Livingstone alikuwa amekwisha kuwa mzee wa Ujiji. Alifika mji huu mara ya kwanza Machi 1869, akaenda Manyema, akarudi Oktoba 1871 amedhoofika, akakuta bidhaa alizoletewa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Alibaki akiwategemea majirani.

Na majirani walipika. Habari za mgeni zilipoenea, Said bin Majid alituma sahani ya maandazi ya nyama yaliyotoka motoni, ambayo mimi siwezi kuyafikiria ila kama sambusa. Muhammad bin Salih alituma kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Heri alituma mbuzi na wali. Sahani moja ilifuata nyingine, na Stanley anasema kila ilipoingia waliipokea na kula. Said bin Majid alikuwa mtu wa msiba: mwanawe, Soud, alikuwa ameuawa miezi michache nyuma Unyamwezi katika vita na mtemi Mirambo. Nyumba hiyo pia ilitoa chakula. Jikoni alikuwepo Halima, mpishi wa Livingstone, akichungulia na kuulizia kama kweli bwana amepata mgeni, kisha akistaajabu kumwona mtu aliyekuwa hali kitu, mwenye meno machache, anamaliza alichopakuliwa. Miaka miwili baadaye Halima alikuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofia, hadi Bagamoyo, pamoja na Susi na Chuma ambao majina yao yanakumbukwa zaidi. Hapa Ujiji sijaona sanamu ya Halima. Ningeiweka jikoni, mwiko mkononi, karibu na wale wawili wanaovuliana kofia.

Lakini sahani zile hazikuwa safi. Mali iliyozinunua ilikuwa ya pembe na ya watu. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko. Wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao walijitosa mtoni, na mamia walikufa. Nchi hiyo ndiyo Manyema. Na kutoka nchi hiyo, kwa miaka mingi kabla na baada ya siku ile, watu walivushwa ziwa na kuteremshwa ufukoni Ujiji. Wengine waliendelea hadi pwani. Wengi walibaki. Walibaki kama watumwa wa nyumba, wapagazi, wakulima wa mashamba ya mabwana, masuria, mafundi, askari wa misafara. Wapo pia waliokuja kwa miguu yao wenyewe kutafuta riziki. Kizazi cha pili walizungumza Kiswahili, walisali msikitini, walivaa kama watu wa mji, na walipoulizwa wao ni nani walijibu kwamba ni waungwana.

Nimelifikiria neno hilo sana. Pwani mwungwana ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Hapa lilichukuliwa na watu ambao sheria ya wakati huo ilikuwa bado haijawaita huru, nao wakalivaa kabla hawajaruhusiwa. Serikali ya Waingereza ilikuja kuufuta utumwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1922, lakini mitaani Ujiji kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanzwa na watu wenyewe kwa usafi wa mavazi, kwa adabu ya salamu, kwa kumjua Mungu na kwa kusema vizuri. Kiswahili chao kilivuka ziwa kurudi kule walikotolewa babu zao, na Kongo kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Jina la Manyema, ambalo lingeweza kubaki jina la aibu, likageuka la kujivunia, hata Kariakoo, Dar es Salaam, upo msikiti unaoitwa wa Manyema. Ndiyo sababu katika mitaa ya Ujiji huulizi mtu babu yake alikuja kwa njia gani. Wote ni watu wa mjini. Nilipokuwa kijana niliwahi kuuliza mbele ya wazee, na bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili hakuinua uso. Aliniambia tu, "Mwanangu, tulikuja." Akaendelea kusuka.

Ziwa nalo lina historia yake katika mji huu. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta maji yamepanda. Miti mitatu ya jamii ya michikichi aliyoiona sokoni mwaka 1871 ilikuwa imesimama majini, na mchanga aliotembea na Livingstone ulikuwa umezama. Wakati huo mto Lukuga, mlango pekee wa maji ya Tanganyika kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo. Mwaka 1878 hivi ulizibuka. Edward Hore wa misheni ya London, aliyewasili Ujiji Agosti mwaka huohuo, alipima na kuona maji yanashuka mwaka hadi mwaka. Ziwa likashuka mita kadhaa na ufuko ukarudi nyuma, na leo mgeni anaposimama kwenye mwembe hushangaa kwa nini wasafiri wale walisema wanasikia mawimbi, kwa sababu hayasikiki. Kisha katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda upya na kuingia kwenye nyumba za ufukweni, na wazee hawakushtuka sana. Walisema ziwa linadai kiwanja chake.

Wajerumani waliweka kituo cha jeshi Ujiji mwaka 1896. Zama za Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, aliyetoka Lindi na kulitawala ziwa kwa bunduki, zilikuwa zimekwisha. Halafu ikaja reli, nayo ikaamua mambo. Wahandisi waliutazama ufuko wa Ujiji, ulio wazi kwa upepo na wenye maji ya kina kifupi, wakaupita. Walichagua ghuba ya Kigoma yenye kina na iliyokingwa na milima. Treni ya kwanza ilifika Kigoma Februari 1914. Mwaka uliofuata ghuba hiyohiyo ikashusha majini meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa tena hapa. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokimbia, Waingereza wakaiinua, na tangu mwaka 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Wabelgiji walipita, Waingereza wakakaa, Uhuru ukaja. Bandari, stesheni, benki na ofisi zote zilikuwa Kigoma. Ujiji ikaachiwa watu wake.

Kwa hiyo utulivu wa Ujiji una tarehe ya kuzaliwa. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoudharau, wakisema mji umelala. Mimi naona ulisazwa. Mji ambao reli iliupita haukubomolewa ili kupanua barabara ya stesheni. Nyumba ziliendelea kufuata nyumba, za matofali ya udongo, zenye upenu mpana na baraza, na vichochoro viliendelea kupinda kama vilivyopindishwa na waliovikanyaga kwanza. Watu wakienda Unguja kutembea Mji Mkongwe huona mawe na milango ya nakshi. Hapa ni udongo, na udongo hauna wa kuuombea fedha, ndiyo maana kila masika kuna ukuta unaoanguka na hakuna anayeandika gazetini. Naomba wenye uwezo wauone udongo huo kabla haujaisha, kwa kuwa ni mahali pachache mbali na pwani ya Tanzania ambapo mpangilio wa mji wa Waswahili wa karne ya 19 bado unaweza kutembelewa kwa miguu.

Mwenye siku nzima na aingie kwa miguu. Asubuhi mitaa ya Kitongoni na Kasingirima husikika kwa ufagio kwanza, halafu kwa sauti za watoto wa chuoni wakisoma kwa pamoja, halafu kwa salamu. Salamu za Ujiji ni ndefu, na ukipita na "mwakeye" ya Kiha utajibiwa kwa Kiha, ukipita na shikamoo utaulizwa wa nyumbani mmoja mmoja. Saa nne barazani kahawa imekwisha kupita na bao linachezwa. Miembe iko kila upande, mingi mikubwa kuliko ile ya makumbusho, imepandwa na watu wa misafara waliokula embe na kufukia kokwa, na chini yake hakuna anayelipisha kiingilio.

Mchana ni wa kula. Mgebuka mbichi hukatwa, hukaangwa kidogo, kisha hupikwa kwa mawese mekundu, nyanya, kitunguu na pilipili, na huliwa na ugali wa muhogo. Kuna sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika na kuchemshwa muda mrefu, nayo pia huungwa kwa mawese. Kuna dagaa, ambao hapa huvuliwa usiku wa giza kwa taa na kuanikwa mchangani wakikauka weupe, na husafiri hadi Lubumbashi na Dar es Salaam. Kila mahali Tanzania muuzaji atakuapia kwamba dagaa wake ni wa Kigoma. Nikila mgebuka wa mawese nakumbuka kwamba chakula hiki ni mchoro wa ziwa lote: samaki wa katikati, mafuta ya Waha, chumvi ya Uvinza, muhogo ulioletwa na njia za biashara, na mkono wa kutwanga sombe uliotoka Manyema. Mama anayeniuzia karibu na soko, ambaye ni wa kuitwa dada lakini mimi humwita mama kwa heshima ya sufuria yake, huniwekea kichwa cha samaki bila ya kuulizwa. "Wewe wa Simbo huna haraka," husema.

Jioni za Alhamisi, na hasa katika mwezi wa mfungo sita, zikri za tarika ya Kadiria husomwa. Kadiria ilienea bara kutoka pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na Ujiji ilikuwa mojawapo ya milango yake kuelekea Rumonge, Bujumbura na Kongo. Ninachokipenda ni kwamba zikri haiulizi ukoo wa mtu. Mstari unapoyumba mbele na nyuma, na pumzi za wanaume mia moja zikitoka kifuani kwa mara moja, hakuna wa Ugoy na hakuna wa Kawele. Wanawake hukaa uani na vitenge vyao vya sare, na wana kasida zao.

Mara ya mwisho niliposhuka nilimalizia ufukoni, kwa mafundi wa boti. Watalii wachache hufika huko. Boti ilikuwa imesimamishwa kwenye magogo, mkuku na mataruma yake wazi kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, na fundi mzee alikuwa akikalafati maungio ya mbao kwa pamba, patasi butu na nyundo. Nilimwamkia. Nilimuuliza alijifunza wapi.

"Kwa baba."

"Na yeye?"

"Kwa baba yake. Huyo alitoka ng'ambo." Alielekeza kidevu magharibi, ambako milima ya Kongo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. "Alikuja nao ufundi."

Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Simbo alicheka, akasema mbao za ubavu huu zimepita kwetu juzi, akanipa ncha ya pamba niishike ivutike vizuri wakati yeye anapiga nyundo. Tulifanya hivyo ubao mmoja hadi mwisho wake. Nyuma yetu wavuvi walikuwa wanajaribu taa zao moja moja, kwa sababu mwezi ulikuwa haujatoka na usiku huo ulikuwa wa dagaa.